Maswali Yenu: Kiingereza Lugha Rasmi Marekani, Sasa Sisi Tuliokuja Je?

Tangu tarehe 1 Machi 2025, Trump aliposaini agizo la kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, barua hazijakoma, nyingine ndefu kuliko ukurasa wenyewe, nyingine matusi tupu na hizo nimeziweka kando. Nimechukua chache zinazouliza yale ambayo wengi mnauliza, majina nimeyaacha. Ila jamani, kama una kesi yako mwenyewe uhamiaji nenda kwa mwanasheria mwenye leseni, sio yule jamaa anayejaza fomu za watu mtaani kwa hela.

Kaka habari za kazi. Mimi ni dereva wa trela niko Columbus, Ohio. Kijiweni wanasema Kiingereza sasa ni sheria, ukikutwa unaongea Kiswahili kwa simu unaweza kurudishwa kwenu. Ni kweli? Na hii ya madereva kusimamishwa barabarani ni jambo hilo hilo au ni lingine?
*Dereva, Columbus*

Salama ndugu dereva. Hapana, kuongea Kiswahili sio kosa la mtu kukamatwa, iwe kwenye simu, sokoni, msikitini, kanisani, popote. Lile agizo namba 14224 linaihusu serikali kuu na ofisi zake, halikuhusu wewe na mdomo wako. Na tena sio sheria iliyopita bungeni, ni agizo la rais, rais mwingine akija anaweza kulifuta kwa kalamu hiyo hiyo. Bungeni wamejaribu mara nyingi sana, mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa lugha rasmi kwa kura 259 dhidi ya 169, ukafika Seneti ukalala hapo hapo.

Kilichobadilika ni nini basi? Agizo hili limefuta lile la Clinton la mwaka 2000, namba 13166, lililokuwa linazitaka ofisi zote za serikali kuu ziwe na mpango wa kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Sasa kila mkuu wa idara anaamua mwenyewe. Agizo lenyewe linasema wazi halimlazimishi mtu kuondoa tafsiri zilizopo, lakini pia halimlazimishi kuziacha, na hapo ndipo penye shida maana leo unakuta fomu ya lugha yako kesho unakuta haipo na hakuna wa kumuuliza.

Hiyo ya madereva ni nyingine kabisa na hiyo ndio inakuhusu, soma polepole. Kanuni ya kwamba dereva wa gari la biashara linalovuka majimbo ajue Kiingereza cha kuongea na watu, kusoma alama za barabarani, kumjibu askari na kujaza rekodi zake sio mpya, imekuwepo miaka mingi sana. Ila mwaka 2016 wakaguzi waliambiwa wasimtoe dereva barabarani kwa sababu hiyo peke yake, wamuandikie kosa aende. Tarehe 28 Aprili 2025 likatoka agizo jingine likarudisha ukali, na kuanzia 25 Juni 2025 mkaguzi akikuona humuelewi anakusimamisha, trela haliendi popote na wewe ndio dereva. Utaratibu wao kwanza anaongea na wewe kwa Kiingereza, unatoka wapi unaenda wapi, umeendesha saa ngapi, umebeba nini, na hapo hakuna kutumia programu ya simu ya kutafsiri wala kumpigia mwenzako akusaidie. Ukipita hapo anakuonyesha alama za barabarani umwambie maana yake. Wale wanaozunguka ukanda wa biashara wa mpaka wa Mexico wamewekewa unafuu, wewe wa Ohio huna.

Ushauri wangu, lafudhi isikutie wasiwasi, hawapimi lafudhi. Fanya mazoezi ya yale maswali ya barabarani na mtu akuulize haraka haraka kama askari, na zile alama za maneno zinazowaka taa, za kazi barabarani, za mizani, hizo ndizo zinazowaangusha watu wanaojua vizuri tu zile za michoro. Na sitakuficha, hii ya madereva mimi naielewa. Tani 36 za gari na mzigo, na alama ya daraja lenye kimo kifupi mbele yako, lazima uisome. Nachokataa ni wanaoichukua hoja ya usalama wa barabara na kuivalisha kila kitu kingine.

Mhariri, nyie watu wa magazeti mnapenda kulialia. Mimi nimekuja Marekani sina hata neno moja nikajifunza usiku darasani mchana nafagia, leo niko vizuri. Wajerumani na Waitalia wa zamani walikuja wakajifunza chap chap bila mkalimani bila fomu ya lugha yao. Hawa wa siku hizi wanabembelezwa mno. Mgeni afuate ya mwenyeji, kuna ubaya gani?
*Aliyejifunza, Houston*

Hongera kaka, na sikutanii, kufagia mchana na darasa usiku sio mchezo. Na hilo la mgeni kujifunza lugha ya mwenyeji tuko pamoja, sijawahi kukutana na mhamiaji hata mmoja anayesema hataki kujua Kiingereza, wote wanataka, tatizo ni muda na nafasi za darasa.

Ila hiyo historia ya Wajerumani uliyopewa sio yenyewe. Mwaka 1751 Benjamin Franklin alikuwa anawalalamikia Wajerumani wa Pennsylvania kwamba ni wengi mno, watatugeuza sisi kuwa wao badala ya wao kuwa sisi, ni maneno yale yale unayoyasikia leo kwenye redio wakiambiwa Wamexico, unabadilisha kabila tu. Cincinnati kuanzia miaka ya 1840 kulikuwa na shule za serikali, za kodi ya wananchi, zinafundisha kwa Kijerumani na Kiingereza. Na kuna watafiti wawili wa Wisconsin waliotoa matokeo mwaka 2008, walipekua sensa ya 1910 wakakuta kwenye mji mdogo unaitwa Hustisford karibu robo ya watu hawajui Kiingereza, Kijerumani tu, na sio wageni wa jana, wimbi kubwa la wahamiaji lilikuwa limeshapita miongo mingi na baadhi yao walikuwa wamezaliwa hapo hapo Wisconsin. Wana makanisa yao, magazeti yao, maduka yao. Chap chap gani hiyo?

Kilichokimaliza Kijerumani hadharani ni vita ya kwanza ya dunia. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo kwamba Kiingereza tu shuleni, Kiingereza tu kwenye mazungumzo ya hadharani, kwenye treni, kwenye simu (kwenye simu jamani!), hata ibada kanisani iwe Kiingereza, asiyejua akasali nyumbani kwake. Nebraska mwaka 1919 wakapiga marufuku kufundisha lugha ya kigeni kwa mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane, na mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, akapigwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1923 majaji 7 kwa 2 wakasema hapana, katiba inawalinda hata wanaoongea lugha nyingine. Huo mwaka huo huo wa 1923 Illinois wakapitisha kwamba lugha rasmi ya jimbo lao ni Kimarekani, sio Kiingereza, Kimarekani! Walikuja kurekebisha 1969.

Kwa hiyo ukiniambia wa zamani hawakubembelezwa nakubali, wengine walitishwa. Ila tofauti na wanavyosema watu, wa leo hawabaki nyuma yao. Ran Abramitzky na Leah Boustan, wachumi waliofuatilia mamilioni ya familia kwenye rekodi za sensa, waliona wahamiaji wa leo wanaingia kwenye jamii kwa mwendo unaofanana na wa miaka mia iliyopita, mpaka majina wanayowapa watoto, kadiri mtu anavyokaa ndivyo anavyochagua majina ya kienyeji ya huko. Sheria ya lugha rasmi haikuhitajika kuwafanya wafanye hivyo, wamefanya wenyewe.

Na ujue pia nani aliianzisha hii harakati ya sasa, maana ina mambo. Seneta S. I. Hayakawa wa California, mwenyewe mtoto wa wahamiaji wa Kijapani na amezaliwa Canada, ndiye aliyepeleka bungeni mwaka 1981 pendekezo la kubadili katiba, na mwaka 1983 akaanzisha shirika la U.S. English pamoja na daktari wa macho wa Michigan, John Tanton. Mwaka 1988 ikavuja waraka wa Tanton wenye maneno mabaya kuhusu Walatino, mpaka mkurugenzi wa shirika lenyewe, Linda Chavez, akajiuzulu, na mtangazaji maarufu Walter Cronkite akajitoa kwenye bodi ya washauri. Sisemi kila anayeunga mkono ana roho ile, Hayakawa naamini alimaanisha alichosema, kwamba lugha moja inaunganisha watu. Wewe pia naamini unamaanisha. Lakini niambie kaka, sheria hizi za majimbo, na ni zaidi ya 30 sasa, ni ipi imekuja na bajeti ya kuongeza darasa kama lile ulilosoma wewe usiku? Mtu anayetaka watu wajue Kiingereza anafungua madarasa. Kutangaza tu kwamba ni rasmi hakumfundishi mtu hata kitenzi kimoja.

Hata wapiga kura wenyewe hawako upande mmoja siku zote. California 1986 walipitisha lugha rasmi kwa karibu asilimia 73, mwaka 1998 wakabana elimu ya lugha mbili shuleni, halafu 2016 wakaja wakaifungulia tena. Nashville, kwenye jimbo la Tennessee ambalo sio la mrengo wa kushoto kihivyo, Januari 2009 walipelekewa kura ya Kiingereza tu serikalini wakaikataa.

Shikamoo. Mimi ni mama wa Kikongo niko Louisville, Kentucky. Nikienda hospitali mtoto wangu wa miaka 11 ndiye anayetafsiri. Juzi daktari alimwambia mambo ya uzazi wangu mtoto akaanza kulia na mimi nikaona haya. Nilipoomba mkalimani mtu wa mapokezi akasema siku hizi ni Kiingereza tu. Nifanyeje?
*Mama, Louisville*

Marahaba mama, pole sana. Huyo wa mapokezi kakosea. Agizo la rais halifuti sheria ya bunge. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, kifungu cha sita, inakataza anayepokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya nchi yake, na mahakama ilishaoanisha hilo na lugha tangu 1974 kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco. Halafu ile sheria ya afya ya 2010, ya Obama, kifungu chake cha 1557, hospitali inayopokea pesa za Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali, na ni karibu zote, inatakiwa ikupe mkalimani mwenye sifa, bure, ana kwa ana au kwa simu au kwa video. Na kanuni zake zinasema mtoto mdogo asitumike kutafsiri isipokuwa dharura ya hatari mpaka mkalimani apatikane.

Ukipiga simu kuweka miadi taja lugha yako hapo hapo waiandike kwenye faili. Na sema ni Kiswahili cha Kongo, maana nimesikia akina mama wengi wanapewa mkalimani wa pwani na wote wawili wanaishia kukisia kisia, na kwenye mambo ya dawa kukisia ni hatari. Wakikataa tena omba kuonana na mtu anayeshughulikia malalamiko ya wagonjwa, kila hospitali kubwa anaye, na uandike tarehe na saa. Mtoto abaki nje na kitabu chake.

Mahakamani vile vile, usikubali kusomewa mashtaka kwa lugha usiyoielewa. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliyoko New York ilisema mtu aliyehukumiwa kwa mauaji bila kutafsiriwa kesi yake, mfanyakazi wa shambani kutoka Puerto Rico, hakuwa ametendewa haki, na mwaka 1978 bunge likapitisha sheria ya wakalimani kwenye mahakama za serikali kuu.

Kazini kwetu ghalani meneja kasema marufuku Kiswahili hata wakati wa chakula. Ni halali?
*Tuko wanne, Des Moines*

Wakati wa kazi inategemea, kama kuna sababu ya kweli ya kazi, mfano usalama wa mashine au kumuelewa mteja, anaweza. Wakati wa mapumziko mwongozo wa tume ya serikali ya usawa kazini kwa miaka mingi umesema katazo la muda wote linahesabika kama ubaguzi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Ila sio majaji wote wanaokubaliana na mwongozo huo, mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya California na majimbo jirani ilikubaliana na kampuni moja ya nyama, ikasema mfanyakazi anayejua lugha zote mbili hajaumizwa kwa kuambiwa atumie moja. Na hali ya kisiasa sasa sio ya kutegemea sana tume. Muombeni meneja aandike hilo katazo kwenye karatasi. Mara nyingi akiombwa kuandika analiacha. Mkitaka kushtaki, muda ni siku 180 tangu tukio, majimbo mengine 300, na kampuni iwe na wafanyakazi 15 au zaidi.

Anko, mama mkwe wangu ana miaka 57, aliingia kama mkimbizi 2012, hajui kusoma Kiingereza kabisa. Je uraia ndio asahau?
*Mkwe, Maine*

Asisahau hata kidogo! Sheria inawasamehe mtihani wa Kiingereza watu wa aina mbili: mwenye miaka 50 na aliyekaa na grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) miaka 20, na mwenye miaka 55 na grinkadi miaka 15. Hao wanafanya mtihani wa historia na serikali kwa lugha yao wenyewe, wanakuja na mkalimani wao. Na mkimbizi grinkadi yake inahesabiwa kuanzia siku aliyoingia nchini, sio siku kadi ilipofika, watu wengi hawajui hili wanajikata miaka wenyewe. Kwa hiyo mama yako akifika 2027, ile tarehe aliyoingia, miaka 15 imetimia, na umri anao.

Mtihani wenyewe umekuwa mgumu kidogo, fomu zilizoingia kuanzia 20 Oktoba 2025 unaulizwa maswali 20 kutoka orodha ya 128 na upate 12, zamani yalikuwa 10 upate 6. Akifika miaka 65 na grinkadi miaka 20 anapewa orodha fupi ya maswali 20. Kama ana ugonjwa unaomzuia kujifunza kuna fomu N-648 ya daktari. Ada ya kuomba uraia ni dola 760 kwa karatasi na 710 kwa mtandao, kwa kipato kidogo kuna kupunguziwa. Mwambie aanze kusikiliza maswali sasa hivi kwa Kiswahili, akiwa anapika, akiwa anasuka, muda upo.

Watoto wangu wananijibu kwa Kiingereza tu. Mwalimu mmoja aliniambia nikiendelea na Kiswahili nyumbani nitawachelewesha. Na mume wangu anasema bora wazame kabisa wawe Wamarekani tusisumbuliwe. Nimechoka kubishana.
*Mama wa watatu, Dallas*

Dada, kwa mume wako nina habari, wala asihangaike kuwazamisha, watazama wenyewe. Watafiti Rumbaut, Massey na Bean walichapisha mwaka 2006 utafiti wa Kusini mwa California, mahali ambapo Kihispania kiko kwenye redio, dukani, mtaani, mpaka wa Mexico uko pale pale, na bado wajukuu wa wahamiaji wengi hawakiongei vizuri tena. Sasa kama Kihispania chenye wazungumzaji zaidi ya milioni 40 nchini humo hakidumu, Kiswahili chako kwenye nyumba moja Dallas kitadumuje bila wewe kukishikilia? Hofu ya kwamba wahamiaji watakifukuza Kiingereza Marekani mimi huwa inanichekesha, kinachokufa siku zote ni upande wa pili.

Kwa mwalimu, mjibu kwa heshima kwamba hapana. Mtoto kukua na lugha mbili hakumcheleweshi kuongea, shule kazi yake ni Kiingereza na inatakiwa kwa sheria imsaidie mtoto mpaka akielewe, wewe kazi yako ni Kiswahili. Hata wao wakikujibu kwa Kiingereza wewe endelea kwa Kiswahili, usigeuze. Wapigie simu bibi na mama wadogo na uondoke chumbani.

Na mwambie mzee Marekani yenyewe ilishajaribu kumzamisha mtu kwa nguvu. Shule ya Carlisle, Pennsylvania, 1879 mpaka 1918, watoto wa Wahindi Wekundu wanaondolewa kwao, wananyolewa, wanapewa majina mapya, wanaadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama. Zikafuata shule nyingi za namna hiyo. Halafu vita ya pili ya dunia inakuja, jeshi linahitaji siri ambayo Wajapani hawawezi kuivunja, linawaendea nani? Wanavaho, kabila la Wahindi Wekundu hao hao, na lugha ile ile ambayo wengine wao walikatazwa kuiongea shuleni. Bunge lilikuja kupitisha sheria ya kuzilinda lugha hizo mwaka 1990. Hawaii leo ina lugha rasmi mbili tangu 1978, Alaska imezitambua lugha 20 za wenyeji mwaka 2014, South Dakota nayo 2019. Na hakuna hata moja kati ya hayo majimbo iliyojitenga.

Ni kweli Kijerumani kilikosa kuwa lugha rasmi ya Marekani kwa kura moja?
*Mbishi wa kijiweni*

Sio kweli, umeshindwa dau. Wajerumani wa Virginia waliomba sheria zichapwe na kwa Kijerumani pia, na Januari 1795 kura iliyokosa moja, 41 kwa 42, ilikuwa ya kuahirisha kikao tu. Hakuna aliyewahi kupendekeza Kijerumani kiwe rasmi.

Nimeapa uraia juzi. Karatasi ya kura kwa Kiswahili ipo? Na rafiki yangu anaweza kuingia na mimi?
*Mpiga kura mpya, Ohio*

Hongera sana! Karatasi ya Kiswahili usiitegemee. Sheria ya 1975 inayolazimisha kura za lugha nyingine imetaja Kihispania, lugha za Asia, za wenyeji wa Marekani na Alaska basi, Afrika haimo, ingawa wilaya inaweza kutoa msaada kwa hiari yake. Rafiki yako ndiyo, kama huwezi kusoma karatasi unaruhusiwa kwa sheria ya serikali kuu kuingia na mtu unayemtaka mwenyewe akusaidie, isipokuwa bosi wako au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Wasimamizi wengine hawalijui hili, uliza kabla ya siku yenyewe kwenye ofisi ya uchaguzi ya wilaya yako. Na kwa wengine mnaosoma hapa ambao bado mna grinkadi, msijiandikishe kupiga kura kabisa, hata kama dada wa kwenye meza kakusogezea fomu na kakuchekea vizuri, hiyo inaweza kukutoa nchini.